Tufe na Msasa: Jinsi Tufe la Bolingi Linavyotunzwa na Kurudishiwa Uso Wake

Utangulizi

Neno msasa lina historia ndefu katika lugha ya Kiswahili. Kwanza kabisa ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza mithili ya ulimi wa ng'ombe. Mafundi seremala waliyatumia majani hayo kusugulia mbao, na karatasi za viwandani zilipokuja zikarithi jina la mti huo. Kutokana na kazi hiyo ukazuka msemo wa kupiga msasa, kwa maana ya kuondoa kasoro, kuboresha, au kumfunza mtu hadi akaiva. Mwanafunzi hupigwa msasa na mwalimu wake. Mswada hupigwa msasa na mhariri. Katika matumizi yote haya, msasa huchukuliwa kuwa chombo cha kukitoa kitu katika hali ya ukwaruzo na kukifikisha katika hali ya ulaini.

Hata hivyo, ipo kazi moja ambamo maana hiyo hupinduliwa juu chini. Fundi wa matufe ya bolingi mara nyingi hushika msasa si kwa nia ya kulainisha, bali kwa nia ya kulirudishia tufe ukwaruzo ambalo limeupoteza. Tufe lililochezewa kwa muda mrefu bila kutunzwa aghalabu huwa limelainika na kung'aa pale linapogusa sakafu, na mng'ao huo, ambao mtu asiyejua angeusifu, huwa ni dalili ya ugonjwa.

Makala hii inanuia kueleza ni kwa nini hali iko hivyo, na jinsi tufe linavyosafishwa, linavyotolewa mafuta na linavyopigwa msasa upya. Hoja kuu ni kwamba ubora wa tufe haumo katika bei yake wala katika mng'ao wake pekee, bali katika hali ya uso wake. Na uso huo hubadilika kila mara tufe linapotupwa. Mchezaji asiyelitambua jambo hili huishia ama kuulaumu mkono wake bure, ama kununua tufe jipya ilhali la kale lingali na uhai.

Bolingi na Istilahi Zake

Bolingi ya pini kumi ilikita mizizi nchini Marekani katika karne ya 19. Mwaka wa 1895, chama kiitwacho American Bowling Congress (ABC) kiliundwa jijini New York ili kusawazisha kanuni zilizotofautiana kutoka mahali hadi mahali. Mwaka wa 2005 chama hicho kiliungana na vyama vingine na kuzaa United States Bowling Congress (USBC), ambacho ndicho kinachoweka viwango vya zana za mchezo huo nchini Marekani. Kutoka huko bolingi imeenea katika mabara yote. Jijini Nairobi nako huchezwa katika kumbi za burudani, japo wengi wanaoucheza hutumia matufe ya ukumbi na wala si ya kwao wenyewe.

Uwanja wa mchezo huu ni ujia mwembamba wa mbao au wa vifaa vilivyoundwa kuiga mbao. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza pana futi 60, yaani mita 18.29, na upana wa ujia ni zaidi kidogo ya mita moja. Mchezaji hulibingirisha tufe kuelekea pini 10 zilizopangwa kwa umbo la pembetatu. Tufe lenyewe halipaswi kuzidi ratili 16, yaani takriban kilo 7.26, na kipenyo chake huwa kati ya sentimita 21.6 na 21.8 hivi.

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili hukiita chombo hiki mpira, kwa kukilinganisha na mpira wa miguu. Jina hilo laweza kumpotosha msomaji, kwani mpira ni jina la kitu chenye kudunda na vilevile ni jina la malighafi inayotokana na utomvu wa mti. Neno tufe, ambalo mashabiki wa riadha wamelizoea katika shindano la kutupa tufe, hubeba dhana ya kitu cha mviringo, kizito, kisichodunda. Kwa sababu hiyo, ndilo linalotumiwa katika makala hii.

Kutoka Mti hadi Resini

Ili kuelewa utunzaji wa tufe, sharti kwanza pafahamike limetengenezwa kwa kitu gani. Matufe ya awali yalichongwa kutokana na mti mgumu mno uitwao lignum vitae. Mwaka wa 1905 likatokea tufe la mpira lililoitwa Evertrue, na mwaka wa 1914 kampuni ya Brunswick ikaanza kuuza tufe lake la mpira mgumu kwa jina la Mineralite. Kwa zaidi ya nusu karne, basi, tufe la bolingi lilikuwa mpira kwa maana halisi ya malighafi hiyo.

Baadaye yakaja matufe ya plastiki ya poliesta. Mwaka wa 1981 kampuni ya AMF ilitoa tufe la yurethani lililoitwa Angle, ambalo liliikamata sakafu vizuri zaidi kuliko poliesta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji walichanganya viambato vingine katika yurethani na kupata ganda linaloitwa resini tendaji. Mabadiliko haya ya mwisho ndiyo yaliyougeuza mchezo na ndiyo yaliyoleta mzigo mkubwa wa utunzaji.

Tofauti baina ya magamba haya ni vitundu. Ganda la poliesta ni kama kigae kilichong'arishwa: mafuta hukaa juu yake na kufutika kwa urahisi. Ganda la resini tendaji lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufyonza mafuta ya sakafu. Tufe la ukumbi, ambalo aghalabu ni la poliesta, laweza kutumiwa na mamia ya watu pasipo kudhurika sana. Tufe la resini tendaji likitendewa hivyo litakuwa limekufa kabla ya mwaka kwisha.

Mafuta: Rafiki na Adui

Msomaji aweza kuuliza: mafuta haya hutoka wapi? Ujia wa bolingi hupakwa mafuta kwa makusudi. Hapo zamani lengo lilikuwa kuihifadhi mbao isichomwe na msuguano wa matufe mazito. Siku hizi mashine hupaka mafuta kwa mpango maalum, aghalabu katika mita 12 hivi za mwanzo, na kuiacha sehemu ya mwisho ikiwa kavu. Katika kumbi nyingi za burudani, mafuta huwa mengi katikati na machache kandoni.

Mpango huu ndio unaoamua mwendo wa tufe. Tufe likirushwa na mchezaji stadi huwa linazunguka kwa upande huku likisonga mbele. Katika awamu ya kwanza huteleza juu ya mafuta. Likikaribia sehemu kavu, msuguano huongezeka, nalo huanza kupinda kuelekea kwenye pini. Mwishowe hubingirika kikamilifu, pasipo kuteleza tena. Safari yote hii huchukua sekunde mbili au tatu tu. Tufe linaloingia kwenye pini kwa pembe ya takriban digrii 6 lina nafasi nzuri zaidi ya kuziangusha zote kwa mpigo mmoja kuliko lile lijalo moja kwa moja. Kumbe basi kupinda si madoido, ni silaha.

Hapa ndipo pana kitendawili cha resini tendaji. Tufe hili hupinda vizuri kwa sababu ganda lake huyafyonza mafuta na kuuacha uso ukiwa na uwezo wa kuikamata sakafu. Lakini mafuta yaliyofyonzwa hayapotei. Hukusanyika ndani ya ganda, tabaka kwa tabaka, hadi vitundu vikajaa. Tangu hapo tufe huteleza mahali lilipokuwa likipinda. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako: sifa ileile inayolipa tufe nguvu ndiyo inayoliua.

Kifo hiki huja polepole mno hivi kwamba mwenye tufe haoni siku kilipoanza. Wiki hii tufe litakosa kupinda kwa upana wa kidole. Mwezi ujao kwa upana wa kiganja. Mchezaji hujirekebisha bila kujua. Hubadilisha mahali anapokanyaga, hupunguza kasi, hukaza mkono, na kwa kufanya hivyo huuharibu mtindo aliojifunza kwa miaka. Hii ndiyo hasara kubwa zaidi ya kutolitunza tufe, kuliko hata fedha za kununulia jingine.

Namba za Msasa na Mwendo wa Tufe

Mbali na mafuta, lipo suala la uso wenyewe. Tufe likitazamwa kwa hadubini huonekana lina vilima na mabonde madogo yaliyochorwa na msasa. Vilima hivyo ndivyo vinavyopenya utando wa mafuta na kuigusa sakafu. Vikiwa virefu na vyenye ncha kali, tufe huanza kushika mapema. Vikiwa vifupi, tufe huelea juu ya mafuta kwa kipindi kirefu zaidi na kuhifadhi nguvu zake hadi lifike kwenye sehemu kavu, ambapo hupinda kwa ghafla.

Urefu wa vilima hivi hutegemea msasa uliotumiwa. Pedi za msasa huwa na namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe za msasa zinavyokuwa ndogo na ndivyo uso unavyokuwa laini. Pedi ya 360 au 500 huacha uso wenye ukwaruzo mkali; ya 1000 na ya 2000 huacha uso wa wastani; ya 4000 huacha uso laini usio na mng'ao mkubwa. Juu ya hapo mtu aweza kupaka dawa ya kung'arishia hadi tufe likawa kioo.

Hakuna namba iliyo bora katika kila hali. Ujia wenye mafuta mengi hudai uso wenye ukwaruzo, na ujia wenye mafuta machache hudai uso laini au uliong'arishwa, la sivyo tufe litapinda mapema mno na kuwasili likiwa limechoka. Ndiyo maana wachezaji wa mashindano hubeba matufe kadhaa, kila moja likiwa na uso wake, kama vile seremala asivyobeba randa moja kwa kazi zote.

Tatizo ni kwamba uso hauhifadhi namba yake. Kila mpigo husaga ncha za vile vilima dhidi ya sakafu. Tufe lililopigwa msasa wa 500 hulainika upesi, hasa katika ule ukanda wa mviringo unaogusa ujia. Kwa upande mwingine, tufe lililong'arishwa hupata mikwaruzo midogomidogo na kupoteza mng'ao wake. Yote mawili huvutwa na matumizi kuelekea hali ya katikati, na mwenye tufe hubaki na uso ambao hakuuchagua.

Kisa cha Mwaka wa 1973

Umuhimu wa ganda la tufe ulidhihirika waziwazi nchini Marekani mwaka wa 1973. Katika mwaka huo, Don McCune alishinda mataji 6 ya chama cha wachezaji wa kulipwa, Professional Bowlers Association (PBA), na kutawazwa Mchezaji Bora wa Mwaka. Siri yake haikuwa katika misuli. Alikuwa akilitosa tufe la poliesta katika kemikali ya kuyeyushia ili ganda lake lilainike. Ganda lililolainika liliikamata sakafu kwa namna ambayo poliesta ya kawaida haikuweza.

Habari zilipoenea, wachezaji wengine wakaiga. Kemikali hizo hutoa mvuke wenye madhara na hushika moto kwa wepesi, kwa hivyo ndoo moja ya kutosea tufe katika chumba cha hoteli ilikuwa hatari kwa mwenyeji na kwa majirani. Muda si muda PBA na ABC zikaweka kanuni za ugumu. Kifaa maalum cha kupimia ugumu kikaanza kubanwa dhidi ya ganda, na ABC ikaamuru kuwa tufe lisiwe laini kuliko kipimo cha 72.

Suala hilo halikufungwa katika miaka ya 1970. Mnamo mwaka wa 2022, USBC iliyaondoa matufe kadhaa katika mashindano yake ya kitaifa baada ya vipimo kuonyesha kuwa baadhi yalikuwa laini kuliko kiwango kinachoruhusiwa, ingawa aina hizo zilikuwa zimeidhinishwa hapo awali. Funzo la visa hivi viwili ni kwamba kulitunza tufe ni jambo moja, na kuibadili asili yake ni jambo jingine. Mpaka baina ya mawili haya ni mwembamba, na ni lazima kila anayeshika msasa au dawa ya kusafishia aufahamu.

Utunzaji wa Kila Siku

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo yenye faida kuliko zote, nayo ni kufuta. Tufe linaporudi kutoka kwenye pini huwa na mistari ya mafuta iliyozunguka mwili wake. Mchezaji makini hulifuta kwa taulo kavu kabla ya kulirusha tena. Mafuta yaliyoondolewa juu ya ganda hayawezi kuzama ndani yake.

Mara mchezo unapokwisha, tufe lisafishwe kwa dawa papo hapo, likingali na joto la mchezo na kabla mafuta hayajapata usiku kucha wa kupenya. Dawa maalum za matufe zipo. Baadhi ya wachezaji hutumia alkoholi ya isopropili kwa kiasi kidogo katika taulo safi. Vimumunyisho vikali kama vile asetoni viepukwe, maana hulainisha ganda na kumrudisha mtu katika yale yaliyozuiliwa baada ya mwaka wa 1973.

Mahali pa kuhifadhia nako ni sehemu ya utunzaji. Ganda na kiini cha tufe ni vifaa viwili tofauti, na joto likipanda au likishuka kwa ghafla havitanuki wala kunywea kwa kiasi kimoja. Tufe lililoachwa ndani ya buti ya gari juani, kisha likatolewa usiku wa baridi, laweza kupasuka kutoka tundu la kidole kimoja hadi jingine. Lihifadhiwe ndani ya nyumba, mahali penye joto la wastani.

Kutoa Mafuta Yaliyozama

Licha ya kufuta na kusafisha, sehemu fulani ya mafuta huzama. Ili kuyatoa hutumiwa joto. Joto huyafanya mafuta kuwa mepesi, nayo hupanda kupitia vitundu vilevile yalimoingilia.

Njia ya nyumbani ni ndoo ya maji moto. Kwanza matundu ya vidole huzibwa kwa utepe wa gundi usiopitisha maji. Kisha tufe hutoswa katika maji moto yasiyochemka, yaliyotiwa sabuni ya kuoshea vyombo, kwa takriban dakika 20. Baada ya muda mfupi utando wa mafuta huonekana ukielea juu ya maji. Tufe hutolewa, hufutwa, na kama mafuta yalikuwa mengi, shughuli hurudiwa kwa maji mapya. Tufe huachwa likauke na kupoa polepole.

Katika maduka ya ufundi zipo tanuri ndogo zilizoundwa kwa kazi hii, ambazo hulipasha tufe joto la chini kwa muda mrefu huku fundi akifuta mafuta yanayojitokeza. Jambo la kuzingatiwa katika njia zote ni kiwango cha joto, ambacho hakipaswi kuzidi nyuzi 60 za selsiasi. Tanuri ya jikoni haifai, kwa kuwa kipimo chake si cha kuaminika na upande mmoja waweza kuwa moto kuliko mwingine. Joto likizidi, hutoa pamoja na mafuta vile vilainishi vilivyotiwa kiwandani, na ganda hukauka, hugumika na hatimaye kupasuka. Haraka haraka haina baraka: tufe lililotolewa mafuta kwa saa nne za joto la chini hurudi kazini, lililochomwa kwa nusu saa hurudi likiwa na ufa.

Kurudisha Uso

Kazi ya kurudisha uso hufanywa baada ya mafuta kutolewa, wala si kabla. Kulipiga msasa tufe lililojaa mafuta ni kupaka chokaa juu ya ukuta wenye unyevu. Mafundi wengi hupendekeza ifanywe baada ya michezo 50 hadi 60 hivi.

Chombo cha msingi ni mashine ya kuzungushia tufe. Hii ni kikombe kilichowekwa juu ya mota. Tufe hukaa kikombeni na kuzunguka, huku fundi akibana pedi ya msasa dhidi yake kwa kiganja. Tufe linapozunguka, sehemu ya kiunoni hukimbia kwa kasi kuliko ile iliyo kileleni, ambayo karibu imesimama. Msasa kwa hivyo hula zaidi kiunoni. Fundi akilipiga tufe upande mmoja tu, uso hautakuwa sawa, na akiendelea hivyo kwa miaka hata mviringo wake utaharibika.

Ili kuepuka kasoro hiyo, tufe hugawanywa katika pande nne au sita: juu, chini, kushoto, kulia, na kwa mafundi waangalifu zaidi, mbele na nyuma. Kila upande hupewa muda ule ule na mkazo ule ule wa mkono. Hatua hufuatana kama ifuatavyo.

Kwanza, tufe huoshwa na kukaguliwa. Mashimo na nyufa ndogo hujazwa gundi maalum ya resini na kuachwa zikauke.

Pili, pedi ya namba ya chini, mathalani 360 au 500, hulowekwa maji na kutumiwa pande zote. Lengo ni kuondoa mikwaruzo ya zamani pamoja na ule ukanda uliosagika. Maji hupoza ganda na kubeba unga unaotoka.

Tatu, tufe hufutwa kabisa kabla ya kuingia namba inayofuata. Chembe moja ya msasa wa 360 ikibaki, itachora mistari katika kazi ya 2000, na fundi hataelewa ilikotoka.

Nne, namba hupandishwa hatua kwa hatua, kutoka 500 hadi 1000, kisha 2000 na kuendelea, hadi ifikiwe ile inayokusudiwa. Kuruka kutoka 360 hadi 4000 hakufai, kwani pedi laini hukata ncha za vilima na kuacha mabonde marefu chini yake.

Tano, kama uso unaotakiwa ni wa kung'aa, dawa ya kung'arishia hupakwa kwa pedi safi tufe likiwa linazunguka. Kama sivyo, tufe huoshwa kwa mara ya mwisho na kazi huwa imekamilika.

Asiye na mashine aweza kufanya kwa mkono, akisugua kwa duara ndogondogo na kuligeuza tufe mara kwa mara. Kazi huchukua muda na huhitaji uvumilivu, lakini huwezekana.

Kila marudio huondoa tabaka jembamba la ganda. Kwa kuwa sheria imeweka kipenyo cha chini, na kwa kuwa ganda lenyewe lina unene wake, tufe haliwezi kupigwa msasa milele. Hata hivyo, tufe lililotunzwa huweza kupata nyuso mpya mara nyingi kabla ya kufika mwisho huo.

Mipaka ya Sheria

Kanuni za USBC huharamisha kuubadili uso wa tufe kwa msasa wakati mashindano yanapoendelea. Mchezaji aweza kuuandaa uso wa tufe lake apendavyo kabla ya kuanza; akishaanza, uso aliouleta ndio atakaomaliza nao. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2019, dawa za maji za kusafishia pia zilipigwa marufuku wakati wa mashindano, na taulo kavu tu ndiyo iliyoruhusiwa. Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 1 Agosti 2020, chama hicho kilileta kiwango cha kudhibiti kasi ya ganda kufyonza mafuta kwa matufe mapya yatakayoidhinishwa.

Sababu ya kanuni hizi ni ya haki. Matufe yanayofyonza mafuta kwa wingi huubadilisha ujia kwa kila mpigo, na anayecheza baadaye hukuta njia tofauti na ile aliyoikuta mwenzake. Uso wa tufe la mtu mmoja, kwa hivyo, si siri yake peke yake; huacha alama mahali ambapo wengine watapita.

Hitimisho

Imebainika kuwa tufe la bolingi, ambalo machoni pa mtazamaji ni gogo la plastiki lililotobolewa matundu matatu, ni chombo chenye ngozi inayofyonza, inayochakaa na inayohitaji kurudishiwa hali yake. Afya yake haipimwi kwa mng'ao. Hupimwa kwa idadi ya michezo tangu liliposafishwa, lilipotolewa mafuta na lilipopigwa msasa, pamoja na namba ya pedi iliyotumiwa mwisho. Mambo haya hayakai kichwani kwa muda mrefu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mchezaji ambaye huandika michezo yake katika kijitabu hujua mapema tufe linapoanza kuzama, na hautilii shaka mkono wake usio na hatia.

Fauka ya hayo, kazi ya fundi huyu yaongeza kitu katika neno ambalo watumiaji wa Kiswahili walidhani wamelimaliza. Kupiga msasa si lazima kuwe ni kulainisha. Kwa tufe la bolingi, ni kukiondoa kile kilichorundikana na kuurejesha uso ule uliochaguliwa, uwe laini au wa kukwaruza, ili chombo kiweze tena kuikamata njia yake. Seremala aliyechuma majani ya mti wa msasa ili asugue mlango angeishangaa nia ya fundi huyu; lakini pindi angemwona akibana pedi dhidi ya tufe linalozunguka, upande baada ya upande, kwa muda ule ule na mkazo ule ule, angeutambua mkono wa fundi mwenzake.